Duru Huanzia kwa Karani

Wewe utakayeikalia meza hii msimu ujao, nakuomba usimwambie mtu hata neno moja la daftari hili. Usimsomee Étienne, hata akikuletea chipsi. Usimwonyeshe Bi. Beaulne, yeye hasa. Mimi nilipofika, droo hii ilikuwa na vibanio vya karatasi, ufunguo usiofungua kitu, na maelekezo ya mashine ya fotokopi. Hakuna aliyeniachia neno lolote kuhusu kuogopa, ndiyo maana nakuachia mimi. Ukimaliza kusoma, rudisha chini ya yale maelekezo. Hakuna anayeyagusa.

14 Agosti

Nimeripoti. Kituo cha maputo kiko pembeni mwa uwanja wa ndege wa Timmins, nyuma ya karakana ya magari ya theluji. Anayepita barabarani hawezi kujua kwamba hapa ndipo Shirika la anga hupandishia vyombo vyake hadi ukingo wa hewa. Mimi ni karani wa msimu. Nashughulikia simu, vibali na vyumba vya wageni, na kabla puto halijaruka nawapigia watu wote wanaokaa chini ya njia yake, ili lisimshukie mtu kichwani.

Shahada yangu ya fizikia imo kwenye bahasha, chini ya kitanda. Aliyenihoji mwezi Mei aliitazama akasema, "Fizikia. Basi kompyuta unaijua." Sikubisha. Matangazo yote ya Shirika huomba uzoefu, na uzoefu wenyewe hupatikana ndani ya Shirika tu. Niliohitimu nao wako benki, wako mgodini, mmoja anauza miwani. Mimi nimepata nafasi katika ofisi ya bima huko Sudbury, na wamekubali kunisubiri hadi mwisho wa Septemba. Kwa hiyo nina msimu huu mmoja.

Mkurugenzi wa urushaji ni Bi. Gisèle Beaulne, mwanamke mfupi, nywele nyeupe zimekatwa kijeshi. Alinipa mkono bila kutabasamu.

"Louttit. Wa Moose Factory?"

"Ndiyo, mama."

"Vizuri. Kijiji cha kaskazini. Baridi unaijua."

Basi, akaondoka. Nilibaki nimeshika mkono wangu mwenyewe.

15 Agosti

Nimejifunza mashine ya kahawa. Nimemwaga mara moja, mbele ya watu.

17 Agosti

Leo nimeiona darubini. Iko kwenye banda kubwa, imefungwa ndani ya fremu ya chuma wanayoiita kikapu, na kioo chake ni kipana kuliko mlango wa nyumba yetu. Aliyeiunda ni Dkt. Petra Vondrák, mgeni kutoka chuo kimoja cha kusini. Ameitumikia sehemu kubwa ya ujana wake. Nilipeleka barua yake, nikasimama mlangoni kama mwizi.

"Ingia," alisema. "Usipumue tu."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Darubini hii haitafuti mwanga wa nyota. Inatafuta joto dogo sana la vumbi lililo kati ya nyota, pale ambapo nyota nyingine zinaanza kuzaliwa. "Kwa kioo hiki," alisema, "pumzi yako ni moto wa msitu. Hata hewa yote iliyo juu yetu ni moto wa msitu. Ndiyo maana lazima tuipite."

Nilijua hesabu zake. Nilizifanyia mtihani. Lakini sikuwahi kusimama karibu na kitu kilichotengenezwa kuhisi joto la mahali pasipo na mtu, pasipo na kitu, ambapo nyota bado haijaamua kuwaka. Nilirudi mezani nikaketi bila kushika simu kwa muda mrefu. Iliita mara mbili.

20 Agosti

Étienne Gauvreau, fundi wa nyaya, ameanza kuniita Profesa wa Stepla.

"Profesa, umeona tangazo la chumba cha hali ya hewa? Mzee Whitcombe anastaafu pole pole. Wanataka msaidizi wake, wa kudumu. Mtu wa fizikia."

"Wanasema awe na uzoefu."

"Tangazo limeandikwa na watu wa Montreal, na hapa anayechagua ni bosi. Mimi unadhani niliingiaje? Nilikuja kuziba paa. Paa likaisha, nikawa nimeshajua nyaya zote zinapita wapi, wakaona taabu kunifukuza."

"Mimi siwezi kuziba paa."

"Sikiliza, dada. Hili Shirika halina mlango wa mbele. Lina dirisha la gundi, dirisha la nyaya, dirisha la hali ya hewa. Wewe chagua dirisha upenye, halafu jifanye ulikuwemo siku zote."

Nimetuma maombi. Niliandika jina langu vibaya, nikafuta. Usaili utakuwa baada ya kurusha puto kubwa.

24 Agosti

Lazima nikueleze duru, maana hakuna atakayekueleza mpaka umeketi mezani na jasho linakutoka.

Kabla puto lolote halijaruka, watu wote wenye kazi siku hiyo huzunguka meza ndefu. Mzee Alistair Whitcombe, mtabiri, anasoma upepo. Kisha kila mtu anasema neno moja, ndiyo au hapana, na mdogo ndiye huanza, ili asipate wa kumwiga. Hapana moja inatosha. Tena baada ya hapana hakuna anayeruhusiwa kuuliza sababu mpaka watu wanywe kahawa kwanza, hasira zishuke. Wakati wote wa duru Bi. Beaulne hugeuza kiti chake, akatazama dirishani, akatupa mgongo. Ni ili tusimsome uso.

Mdogo ni mimi. Hakuna aliyenionya. Bi. Beaulne aligeuza kiti, na Étienne akanisukuma mguu chini ya meza.

"Karani," alisema mgongo wa Bi. Beaulne.

"Ndiyo," nilisema, kwa sauti ambayo hata panya angeionea aibu.

Puto lilikuwa dogo, la majaribio tu. Lakini sikiliza. Kabla ya kugusa plastiki yake tulivua pete, saa na mikanda. Ni nyembamba kuliko mfuko wa mkate, na kucha tu inaweza kuiua. Wakaijaza heliamu kwa mipira mirefu iliyopiga kelele kama basi bovu. Kisha wakaachia. Nilitegemea lipande kama maputo ya sherehe, na halikufanya hivyo. Lilisimama kwanza, kama mtu anayenyanyuka kitini baada ya ugonjwa. Kisha likaenda, bila mlio, na kila kitu kingine pale uwanjani kikaonekana kina makelele mengi.

27 Agosti

Upepo.

28 Agosti

Upepo.

29 Agosti

Upepo, na visubi wameniuma hadi ndani ya masikio.

1 Septemba

Mvua. Dkt. Vondrák amelala bandani, kwenye kitanda cha kambi, karibu na darubini yake. Nilipompelekea supu alikuwa ameiwekea mkono, kama mtu anayelala na mgonjwa. Mwanzoni nilimwona kama mtu asiyechoka. Leo nimeona soksi zake zina matundu.

5 Septemba

Mzee Whitcombe ameniita dirishani kunionyesha anga ambalo halina kitu.

"Huko juu kabisa," alisema, "kiangazi chote upepo huenda magharibi. Majira ya baridi huenda mashariki. Katikati, siku chache tu, haujui uende wapi. Unasimama, kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani."

"Na sisi tunapanda wakati huo."

"Tunapanda wakati huo, puto likae juu yetu usiku kucha badala ya kukimbilia baharini. Lakini lazima na huku chini upepo utulie, asubuhi hiyo hiyo. Nimefanya kazi hii tangu baba yako hajaoa, na bado nikiona juu kumetulia na chini kumetulia, nywele zinanisimama."

Aliniuliza ningefanyaje hesabu ya mwendo wa puto kwa upepo wa tabaka tatu. Nilimwandikia nyuma ya bahasha. Aliitazama, akaikunja, akaitia mfukoni. Sijui maana yake. Sikulala vizuri.

9 Septemba

Juu kunaanza kusimama. Kila mtu anatembea taratibu, kana kwamba tukikimbia tutauamsha upepo.

Nimewapigia watu wa njia ya puto: hoteli za wavuvi, reli, marubani wa ndege za maji. Mwisho niliita kambi ya kuwindia bata bukini kwenye mdomo wa mto, karibu na Ghuba ya James. Ni kambi ya kwetu. Bibi yangu Agathe huenda kila vuli na mjomba Redfern na watoto wake. Wanafungua redio jioni tu, kuokoa betri.

"Mtakaa hadi lini, Bibi?"

"Jumamosi tunarudi."

"Jumamosi. Sawa, nimeandika."

"Umekula lakini?"

Nimeandika kwamba kuanzia Jumapili kambi itakuwa tupu.

12 Septemba, Jumapili

Naandika nikiwa nimekaa sakafuni, mgongo ukiwa umeegemea kabati la faili. Kitini sijisikii salama. Nitajaribu kuandika kila kitu kwa mpangilio.

Duru iliitishwa saa tisa mchana, kwa ajili ya kuruka kesho alfajiri. Mzee Whitcombe aliingia amevaa tai. Hakuna aliyewahi kumwona na tai. Aliweka karatasi mezani, akazilainisha kwa viganja.

"Juu kumesimama," alisema. "Chini kumetulia. Nimewahi kuona hivi mara moja tu. Kutoka hapa hadi Ghuba ya James, hata jani halitikisiki. Imekuwa hivyo tangu Alhamisi. Puto litapanda wima, litasogea kaskazini kama mzee anayekwenda kanisani, na keshokutwa asubuhi kikapu kitashuka kwa parachuti hapa." Akaweka kidole kwenye ramani.

Watu walicheka kwa furaha. Étienne alipiga meza. Dkt. Vondrák alifunika uso kwa mikono, na mabega yake yakashuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Na mimi nilifurahi. Nilikuwa nacheka pia. Nilitazama kidole cha Mzee kwenye ramani, kwenye mdomo wa mto, nikafikiria: hapo ni kwetu, hapo hakuna mtu, Jumamosi wamerudi.

Kisha yale maneno yakanirudia. Hata jani halitikisiki, tangu Alhamisi.

Nitakuambia jambo ambalo kwetu mtoto hulijua kabla ya kujua kusoma. Siku isiyo na upepo hakuna anayepiga bunduki. Mlio unasafiri juu ya maji, bata bukini wa pwani nzima wanasikia, wanahama, na majirani wa kambi zote hawatakusemesha hadi mwaka unaofuata. Siku isiyo na upepo watu hukaa. Wanachonga kuni, wanakunywa chai, wanasubiri. Hakuna anayerudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu kalenda imesema Jumamosi.

Hapa kituoni tulikuwa tumeomba utulivu mwezi mzima, na tulipoupata, hata mimi mwenye jina Louttit nikasahau ni nani mwingine anayekaa chini ya utulivu huo. Tayari nilikuwa nawaza kama mtu wa puto.

Lakini sikuwa na hakika. Hili ndilo nataka ulielewe. Redio ya kambi hufunguliwa jioni, na ilikuwa saa tisa. Huenda walirudi. Huenda Bibi aliumwa mgongo wakaondoka mapema. Nilikuwa na dhana tu, dhidi ya siku bora kuliko zote alizoziona Mzee Whitcombe maishani.

Bi. Beaulne akageuza kiti, akatupa mgongo.

Niliwaza ofisi ya bima. Niliwaza kioo ambacho hakitaki hata kupumuliwa. Niliwaza kwamba nikisema ndiyo, kuna watu wengi wazima baada yangu, kila mmoja na akili zake, na kama kuna jambo baya mmoja wao ataliona. Kisha nikaelewa kwa nini mdogo huanza. Jambo hili hakuna mwingine pale mezani aliyeweza kuliona. Likinipita mimi, limepita.

"Karani."

"Hapana," nilisema.

Mgongo wa Bi. Beaulne haukusogea. Duru ilikuwa imekwisha kabla mtu mwingine hajafungua kinywa.

"Tumesikia hapana," alisema kwa dirisha. "Kahawa."

Kahawa ile sitaisahau. Watu wote walisimama na vikombe wakitazama sakafu. Étienne alinitazama, akafungua mdomo, akakumbuka kanuni, akaufunga. Dkt. Vondrák aliosha kikombe kilichokuwa safi, akakiosha tena. Nilienda chooni nikatapika, nikanawa, nikarudi.

"Louttit," alisema Bi. Beaulne. "Sasa."

Nilieleza. Mzee Whitcombe alivua miwani.

"Yaani utulivu wangu ndio uliowazuia wasiondoke?"

"Nadhani hivyo, mzee. Sina hakika."

"Redio yao inafunguliwa saa ngapi?" aliuliza Bi. Beaulne.

"Jioni, mama."

"Basi tunangoja jioni."

Walingoja wote. Hakuna aliyekwenda kula. Saa kumi na moja na nusu redio ilikoroma, na sauti ya bibi yangu ikaingia katika chumba cha watu wenye shahada za kila namna.

"Corinne? Umekula?"

"Bibi, mko wapi?"

"Tuko wapi? Tuko kambini. Tungekuwa wapi?"

"Mlisema Jumamosi."

"Jumamosi kukiwa na upepo. Hilo nalo ni la kumwambia mtu wa nyumbani? Hakuna upepo, mwanangu. Watoto wamemaliza karata zote, sasa wanapigana. Redfern anaongea na mbwa."

Bi. Beaulne aliinama kwenye kipaza sauti. "Mama, mimi ndiye bosi wa Corinne. Mnaweza kuhama hapo kabla ya keshokutwa alfajiri?"

"Ukiniomba vizuri hivyo, naweza. Lakini si kwa siku moja. Mashua ni moja, watu na mizigo ni safari kadhaa, na maji hujaa na kupwa kwa saa zake. Kwani kuna nini?"

"Kuna kitu kinaweza kushuka kutoka juu."

"Kikubwa?"

"Kama lori dogo, mama. Kwa parachuti."

"Basi kisishuke," alisema Bibi. "Tunapika."

Bi. Beaulne akasimama. "Haturuki." Akatoka. Huo ndio mwisho wa siku bora ya Mzee Whitcombe. Alivua tai, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni pamoja na miwani.

13 Septemba

Asubuhi yenyewe ilikuwa nzuri kupita kiasi. Moshi wa kiwandani ulisimama wima kama penseli. Tulitoka nje mmoja mmoja kuutazama.

Étienne aliniwekea chipsi zenye jibini na mchuzi mezani. "Kula, Profesa. Umeua kazi ya watu ya mwezi mzima, utahitaji nguvu."

Kisha akasema, akiwa anaondoka, "Mimi ningesema ndiyo. Usimwambie mtu."

14 Septemba

Dkt. Vondrák amekuja mezani kwangu.

"Unajua upepo wa juu ukishageuka haurudi hadi mwakani?"

"Najua, Daktari."

"Mwakani maabara yangu inafungwa. Wanajenga ukumbi wa michezo."

Aliokota kibanio cha karatasi, akakinyoosha hadi kikawa waya.

"Nimejaribu kukulaumu tangu jana," alisema. "Haitoki. Ningefurahi ingetoka."

15 Septemba

Upepo. Mkali, wa kaskazini, na mawingu ya chini. Nimesikia bata bukini juu ya kituo wakipita mchana kutwa. Étienne amesema nao wananicheka.

17 Septemba

Upepo. Mzee Whitcombe hajaniita dirishani tena. Nimeandika barua ya kuwakubalia watu wa bima. Sijaituma.

19 Septemba

Simu, jioni. Bibi: "Tumepata wa kutosha, mwanangu, friza haitafunga. Tumefika nyumbani leo na kambi tumeifunga. Upepo tumemaliza kuutumia. Mwambie yule mama auchukue."

Nilimpelekea Bi. Beaulne ujumbe kama ulivyo. Aliuandika kwenye ubao wa ofisi yake, neno kwa neno.

22 Septemba

Mzee Whitcombe: "Njoo." Dirishani tena. Juu kunaanza kugeuka, alisema, lakini taratibu. Imebaki asubuhi moja, labda. Aliniuliza ningeitabiri vipi. Nilimwambia naogopa kusema. "Sema ukiwa unaogopa," alisema. "Mimi ndivyo ninavyofanya."

24 Septemba

Jana duru, leo tumeruka.

Duruni nilisema ndiyo, na baada yangu wote, mmoja mmoja hadi mwisho, na sauti ya Dkt. Vondrák ilikuwa ndogo kuliko yangu ya siku ya kwanza.

Alfajiri uwanja ulikuwa na umande ulioganda. Tulivua pete na saa. Plastiki ililazwa ardhini, ndefu kupita kipande cha barabara kutoka hapa hadi geti, ikajazwa kwa juu tu. Heliamu yote ilikusanyika kileleni kama kichwa cha uyoga, mwili mwingine ukining'inia mtupu. Nilimuuliza Étienne mbona ni kidogo hivyo. "Subiri lifike kusiko na hewa ya kulibana," alisema. "Huko litajinyoosha lenyewe. Uwanja wa mpira unaingia ndani."

Wakaachia. Kichwa kikapanda, mwili ukafuata ukinyanyuka kutoka majanini hatua kwa hatua, ukimetameta, ukitoa mlio kama wa mvua ya mbali, na mwisho wa yote kikapu kikaacha ardhi kwa upole mno hata sikuweza kusema ni wakati gani kiliacha. Kioo kile, ambacho pumzi yangu kwake ni moto wa msitu, kilikuwa kinapita juu ya karakana ya magari ya theluji, juu ya misonobari, juu ya moshi wa kiwanda. Jua lilikipata kabla halijatupata sisi. Mtu fulani alikuwa analia karibu nami, nikadhani ni Dkt. Vondrák, kumbe ni mimi.

Mchana, namba zilisema karibu hewa yote ya dunia ilikuwa chini yake. Nilizisoma kwa sauti. Hakuna aliyeniomba.

Jioni tulitoka nje. Kwetu jua lilikuwa limezama, na upande wa kaskazini ilionekana nyota moja kubwa, isiyokonyeza. Huko lilipo puto letu, bado ulikuwa mchana. Lilikuwa limesimama kabisa. Simu ya mezani ikaita, nikakimbilia. Bibi, kutoka Moose Factory.

"Kile kitu juu ya mto ni chenu?"

"Ni chetu, Bibi."

"Watu wote wako nje. Redfern amenyamaza, unaweza kuamini? Kimesimama kama kinasikiliza."

"Kinasikiliza kweli."

"Kinasikiliza nini?"

"Vumbi, Bibi. Pale nyota zinapoanza."

"Ile siku kingetushukia?"

"Labda. Sijui."

"Basi hivi ni vizuri zaidi," alisema. "Leo tunaweza kukitazama."

Nyota ile ilibadilika ikawa ya rangi ya chungwa, kisha nyekundu, kisha kivuli cha dunia kikalifikia puto na likazimika. Hatukuondoka. Kutoka bandani Dkt. Vondrák alituita. Kwenye skrini yake kulikuwa na kitu kama moshi, chenye madoa mawili ya joto.

"Hizi hazijawaka bado," alisema. Aliinyooshea skrini kidole lakini hakuigusa. "Bado zinakusanya."

26 Septemba

Kikapu kimeshuka salama jana, kando ya kambi yetu, kwenye matope. Helikopta imekileta. Kulikuwa na manyoya ya bata bukini kwenye chuma.

28 Septemba

Usaili. Nilitegemea maswali ya milinganyo. Bi. Beaulne alikuwa na bahasha niliyomwandikia Mzee Whitcombe, na kikombe.

"Siku ile, ulikuwa na hakika?"

"Hapana, mama."

"Kama wangekuwa wameshaondoka?"

"Ningekuwa nimewanyang'anya siku ile bure."

"Na duru ifuatayo ungesema tena hapana, ukidhani tu?"

Nilifikiri. "Ndiyo, mama. Ila ningetapika tena, kama siku ile."

Alicheka, mara ya kwanza msimu wote. Kisha akaweka mikono yake mezani, viganja chini. Ilikuwa inatetemeka. Si sana, lakini kikombe kilikuwa kinagonga meza.

"Unadhani nageuka dirishani ili msisome uso wangu," alisema. "Uso wangu hauna kitu. Ni hii. Duru zote, tangu nikiwa na umri wako." Akairudisha chini ya meza. "Whitcombe anakutaka Jumatatu. Njoo na sweta, chumba chake hakina joto."

30 Septemba

Nimewapigia watu wa bima, nikawashukuru. Walikuwa wema sana.

3 Oktoba

Plastiki imekunjwa, banda limefungwa, theluji ya kwanza imeanguka na kuyeyuka. Nahamia chumba cha hali ya hewa, mlango wa mwisho kushoto. Kiti hiki nakuachia wewe.

Sasa unajua kwa nini Bi. Beaulne asilione daftari hili. Ukimwona amegeuka dirishani, tazama kwingine.

Kunipata ni hivi. Siku ya upepo, gonga mlango wangu wakati wowote, nina chai. Siku ya mvua, piga simu ya ndani, bonyeza tatu, uache iite, maana Mzee Whitcombe huikalia. Siku za bata bukini niko kambini: fungua redio jioni, ita Louttit, na atakayejibu atakuuliza kwanza kama umekula. Mjibu kweli. Kisha muulize kama kuna upepo, na atakachojibu kiandike chote.

Na ukitoka nje asubuhi ukaona moshi wa kiwanda umesimama wima, usinitafute chumbani. Njoo uwanjani. Simama karibu nami. Mchana kutakuwa na duru, nawe ndiye utakayeanza.